Mwaka wa Gari Jekundu

Habari ya kifo cha Shabani ilinifikia nikiwa nachambua mchicha uani, hapa Masuguru, Korogwe. Aliyepiga simu alikuwa mwanamume mwenye sauti nzito na adabu nyingi. Aliniamkia, akajitambulisha kuwa ni mtoto wa kwanza wa marehemu, akasema baba yao amefariki Handeni na wamekwisha mzika. Namba yangu waliikuta kwenye simu ya mzee, imehifadhiwa kwa jina langu kamili. Nikasema sote ni wa Mungu na kwake tutarejea, nikamshukuru, nikarudi kwenye mchicha wangu. Nilichambua fungu zima, majani nikayatupa na mashina nikayaweka kwenye sufuria, ndipo nikagundua kwamba mikono yangu ilikuwa inafanya kazi bila mimi. Kwa hiyo alikuwa na namba yangu. Sijui aliipata wapi wala alikaa nayo miaka mingapi. Hakuwahi kuipiga.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, nikifanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya shamba moja la mkonge upande wa Ngombezi. Habari za wazazi wangu na za namna nilivyofika pale nitaziacha, hazina hatia katika jambo hili. Ofisi ilikuwa jengo refu la matofali lenye paa la bati na baraza mbele. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, kidogo kama stoo, kimetengwa na chumba cha Meneja kwa ukuta wa mbao tu. Kilikuwa na meza, mashine ya chapa iliyokwama herufi ya "k" kila mvua ikinyesha, kabati la mafaili, na dirisha moja lililotazama uwanja wa mbele. Mchana kutwa harufu ya maganda ya mkonge yaliyooza ilituingia puani hata tukasahau kama ni harufu. Saa nne Mzee Mhando, tarishi wetu, alikuwa akipita na birika la chai na mihogo ya kuchemsha iliyofunikwa kwa kitambaa. Alianza kwangu kabla ya kwenda kwa Meneja. Nilipomwambia kwamba hilo litamletea maneno, alijibu kwamba Meneja ana mke wa kumpikia na mimi sina mtu. Nilikuwa naye, lakini Mzee Mhando alijifanya hajui.

Mtu wangu alikuwa Shabani, fundi wa karakana ya shamba. Alikuwa kijana wa Handeni, Mzigua, mwembamba, mwenye vidole virefu vyeusi kwa grisi ambavyo alivisugua kwa majivu na ndimu kila alipotaka kunitembelea. Tulikwisha kubaliana kwamba baada ya mavuno angepeleka watu kwetu. Nilimpenda kwa jambo ambalo hata leo siwezi kulikana: alikuwa mtu asiyevumilia kitu kibovu kuitwa kizima. Kufuli, baiskeli, pampu ya maji, hata mashine yangu ya chapa, akikiona kina kasoro hakulala mpaka akijue. Watu wengine hupendwa kwa sura. Mimi nilimpenda kwa ajili ya ukweli wake juu ya vyuma.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu mashamba yachukuliwe na serikali. Mzungu aliyekuwa mwenye shamba aliondoka na masanduku matatu na mbwa wake, akaacha nyumba, samani na gari dogo jekundu la mashindano, la viti viwili, lililolala chini kiasi kwamba aliyepanda alionekana kama amekaa kwenye mkeka. Lilikaa bandani likilaliwa na kuku hadi alipokuja Meneja wetu mpya. Alikuwa mtu wetu, msomi, mcheshi, mwenye kuhutubia vizuri. Siku ya kwanza alitukusanya uwanjani akatuambia kwamba sasa kila msumari wa shamba lile ni wetu sote, tukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Siku ya kumi akaagiza gari jekundu litolewe bandani na kusafishwa. Alikuwa na Landrova ya kazi, lakini Landrova ikawa ya kubeba mbolea. Ndugu Meneja akawa anakuja ofisini na gari jekundu, mita mia nne kutoka nyumbani kwake, analiegesha mbele ya ofisi, pua imeelekea ukutani chini ya dirisha langu.

Ugonjwa wake ulianza kama mchezo. Lilikuwa likiwaka kwa shida likishapata moto, kwa hiyo Meneja akiingia ofisini kwa kazi fupi aliliacha linanguruma taratibu. Basi siku moja, hakuna mtu ndani wala karibu, likaanza kupandisha sauti lenyewe. Lilipanda resi polepole, kama mtu anayekasirika, kisha likapiga kelele mpaka vioo vya dirisha langu vikatetemeka na njiwa wakaruka kutoka juu ya bati. Halafu likashuka. Baada ya hapo ikawa karibu kila siku. Wakata mkonge waliokuwa wakija kuchukua kadi zao walisimama mbali wakacheka, wakasema Mzungu hajaondoka, yumo humo anakanyaga mafuta. Wanawake wa kambini wakaanza kuwapitisha watoto njia ya nyuma. Meneja naye alicheka pamoja nao. Alisema gari lenye damu ya mbio halipendi kusimama.

Shabani hakucheka. Alikuja adhuhuri moja Meneja alipoliacha gari na funguo akaenda kula na wageni, akafungua boneti akaniita nitoke nitazame. Aliliwasha, tukangoja lipate moto. Lilipoanza kulia, akachukua kopo la oili, akadondosha matone machache mahali kabureta inapoungana na injini, na kelele zikatulia palepale, kama mtoto aliyepewa titi. Oili ilipofyonzwa, likaanza tena. Alinieleza kwamba gasketi ya pale imeungua, injini inavuta hewa pembeni, na spiringi ya kurudisha mafuta nayo imelegea. Hakuna Mzungu humo, alisema, kuna tundu. Lakini aliniambia pia, akiwa ameshafunga boneti na anafuta mikono, kwamba siku litakapofanya hivyo likiwa limetiwa gia, mtu atakufa.

Niliyashika maneno yale. Nikamwambia ayaandike. Alisitasita, akasema yeye ni mtu wa spana, si mtu wa barua, lakini jioni ile akaniletea karatasi ya daftari aliyoiandika kwa kalamu ya risasi. Nilinyoosha sentensi mbili tatu, mengine nikayaacha yalivyo, na asubuhi nikaipiga chapa: kwamba gari jekundu lina kasoro ya kupanda resi lenyewe likiwa limesimama, kwamba ni hatari, na kwamba fundi anaomba lisitumike mpaka vifaa vitakapopatikana Tanga. Niliweka karatasi mpya ya kaboni, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imechakaa, nikatoa asili na nakala. Shabani akazitia sahihi zote mbili mbele yangu, ile karatasi yake ya daftari akaichana. Nakala nikaiweka kwenye faili la magari, asili nikaipeleka mwenyewe mezani kwa Meneja. Aliisoma amesimama. Akauliza kama fundi anataka yeye aende kazini na punda. Kisha akaitia kwenye mtoto wa meza, na kwa muda wa wiki tatu gari likaendelea kulia chini ya dirisha langu.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, kabla ya saa sita. Meneja alikuwa ameingia kuchukua karatasi na kuliacha gari likiwaka. Akatoka, akaketi, akakanyaga klachi, akatia gia ya kurudi nyuma, au ndivyo alivyodhani. Mzee Mhando alikuwa akipita kati ya gari na ukuta, ameshika birika la chai tupu, kwa sababu hiyo ilikuwa njia yake ya kila siku ya kwenda jikoni. Nilikuwa nimeinua kichwa kumtazama. Nikasikia ule mlio unaanza kupanda, peke yake, kama siku zote. Nikamwona Meneja anashtuka na bega lake la kushoto linainuka, mguu umemtoka kwenye klachi. Gari likaruka mbele. Sitaeleza zaidi nilichokiona kupitia dirishani. Nitasema tu kwamba ukuta ulitikisika mpaka mezani kwangu, na kwamba gari liliendelea kupiga kelele likiwa limembana, mpaka Shabani alipotoka mbio karakanani akaling'oa waya.

Mzee Mhando aliishi siku tisa hospitalini. Nilikwenda kila siku baada ya kazi, nimebeba uji kwenye chupa, na mke wake, Bi Mwanahamisi, akawa ananisubiri mlangoni ili tuingie pamoja. Miguu hakuwa nayo tena, lakini akili yake ilikuwa timamu mpaka siku ya saba. Aliniuliza nani anapeleka chai. Nikamwambia hakuna, tumeacha kunywa. Akasema hayo si maneno, kazi bila chai ni utumwa, na akanitaka nimwambie mpishi aongeze tangawizi kwa sababu kifua changu ni kibovu. Siku ya tisa tukamkuta amefunikwa.

Tulipotoka kumzika, ilitangazwa kwamba watakuja watu watatu kutoka Tanga kuchunguza. Meneja akasema mbele yetu sote, machozi yakimlengalenga, kwamba laiti mtu mmoja tu angemwambia gari lile ni bovu, asingeligusa. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikaenda kwenye kabati nikafungua faili la magari. Nakala haikuwepo. Karatasi zilizotangulia zilikuwepo, zilizofuata zilikuwepo, katikati palibaki matundu mawili ya pini. Nilikaa sakafuni na faili magotini. Kisha nikakumbuka kaboni. Ilikuwa bado kwenye droo yangu, na kwa sababu kazi zilisimama tangu ajali na kabla yake nilitumia vipande vya zamani kwa kubana matumizi, ile mpya ilikuwa imetumika mara moja tu. Nikaiinua dirishani, juani. Kila neno lilisomeka, hata ile "k" iliyopanda juu kidogo ya mstari.

Nilimweleza Shabani siku hiyohiyo. Tulikuwa chumbani kwake kambini, nimempikia bada, ugali wa muhogo, kwa mlenda na dagaa, chakula alichosema kinamrudisha kwa mama yake. Alisikiliza bila kula. Akaniuliza kama kuna mtu mwingine aliyeiona kaboni hiyo, nikasema hakuna. Akaniambia niitunze vizuri. Nilifurahi alivyosema hivyo. Nilimwona kama mtu anayejiandaa kwa kazi nzito, na nikamwongezea mlenda.

Kesho yake mchana, siku moja kabla ya wale watu kufika, nilisikia sauti yake nyuma ya ukuta wa mbao. Yalikuwa mazungumzo ya utulivu. Meneja alisema Handeni vijiji vipya vinaanzishwa, magari ni mengi, na wanatafuta kijana wa kusimamia karakana nzima, mwenye nyumba yake na mafundi chini yake. Alisema yeye ana neno lake huko na neno lake linasikika. Shabani akajibu kwa sauti ya chini ambayo sikuipata, kisha nikasikia kicheko chake kifupi, kile cha puani alichokuwa akikitoa akiona aibu. Mungu anisamehe, niliketi pale mbele ya mashine yangu nikahesabu vyumba vya hiyo nyumba ya Handeni. Nilidhani Meneja anatubu. Nilidhani anamlipa mema kijana aliyejaribu kumwonya. Katika yote ya mwaka ule, saa ile ya furaha ndiyo inayonichoma zaidi, kwa kuwa hakuna aliyenidanganya ndani yake. Nilisikia kila kitu kwa masikio yangu, nikajielewesha nilivyotaka.

Wale watu watatu walikaa kwenye chumba cha mikutano, meza imefunikwa kitambaa cha kijani, sisi mashahidi tumepangwa kwenye benchi ukutani. Nilipoitwa nilisimama nikasema yote, nikatoa kaboni. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye miwani, aliinyanyua kwenye mwanga akaisoma taratibu, akawapa wenzake. Nikaona uso wa Meneja unabadilika rangi. Nilijua tumeshinda, na nikamfikiria Mzee Mhando. Kisha akaitwa Shabani. Mwenyekiti alimuuliza swali moja la wazi.

"Ndugu Shabani, wewe uliandika barua hii?"

"Hapana, mzee," akasema. "Sijawahi kuandika barua yoyote."

Mwenyekiti akamuuliza basi kaboni ile imetoka wapi. Shabani alikuwa anatazama vidole vyake. Vilikuwa safi kabisa siku hiyo, na nilijua ni ndimu ngapi zimetumika.

"Labda aliipiga baadaye," akasema. "Alimpenda sana Mzee Mhando. Alikuwa kama baba yake. Huzuni inaweza kumfanyisha mtu mambo."

Alilisema kwa upole. Kama angenitukana ningeweza kujibu, kupiga kelele, kumrushia kiatu. Lakini alichukua mapenzi yangu kwa marehemu, kitu ambacho yeye ndiye aliyekijua kuliko wote, akakifanya ushahidi dhidi yangu, na kila aliyekuwemo chumbani akanitazama kwa huruma. Hata mwenyekiti alilainisha sauti. Aliniambia niketi, mwanangu, tumekuelewa. Walipoondoka waliandika kwamba ilikuwa ajali isiyotarajiwa. Mimi niliambiwa nipumzike, na mapumziko yale yakawa hayana mwisho. Kabla ya mwezi kwisha Shabani alikuwa Handeni.

Hakuniaga. Nilimwona kwa mbali anapandisha sanduku lake la bati kwenye Landrova ileile ya mbolea, akapanda mbele. Nilitaka kwenda kumuuliza neno moja tu, lakini sikujua ni neno gani. Badala yake nilikwenda kwa Bi Mwanahamisi, nikiamini kwamba angalau yeye atajua. Alinikaribisha, akanikalisha kitandani, akanishika mikono yote miwili.

"Ulisema uongo kwa ajili yetu, mwanangu," akaniambia. "Mungu atakusamehe, kwa maana ulikuwa uongo wa mapenzi."

Nikafungua mdomo nimwambie haukuwa uongo. Nikaona jinsi anavyonitazama, jinsi anavyoshukuru, na nikatambua kwamba nikizidi kukana nitazidi kuthibitisha. Alikufa akiamini hivyo. Nami nikahamia hapa Masuguru, nikafungua darasa la kupiga chapa kwenye chumba cha kupanga, na kwa miaka mingi niliwafundisha wasichana wa Korogwe waweke nakala tatu za kila kitu, ya tatu waende nayo nyumbani. Walidhani ni kanuni ya kazi.

Nilikwenda Handeni siku ya tatu ya matanga. Sikujua kwa nini naenda. Nilijiambia naenda kumlilia mtu niliyewahi kutaka kumzalia, lakini hiyo haikuwa kweli yote. Nyumba ilikuwa kubwa, ya kuheshimika, ua umefungwa turubai. Walinipokea kwa taadhima. Mjane wake, Bi Rehema, mwanamke mnene mwenye macho ya kuchoka, alinisogezea mto na kunipakulia pilau kwa mkono wake. Baada ya dua, yule mtoto wa kwanza akasimama kusema machache juu ya baba yao. Akasema alikuwa fundi mwaminifu. Akasema hakuna mtoto wake asiyeijua hadithi ya gari jekundu la Ngombezi, ambalo lilikuwa likipanda resi lenyewe, na namna baba yao, kijana mdogo wakati ule, alivyokuwa na ujasiri wa kumwandikia bosi wake barua ya kumwonya, barua ikapuuzwa, mzee wa watu akafa. Baba alikuwa akiisimulia kila mwaka, alisema, ili tujue kwamba mtu akiona kosa lazima aseme. Kisha akanigeukia kwa heshima kubwa.

"Na mama huyu alikuwepo ofisini wakati huo. Mama, si kweli kwamba aliandika?"

Ua mzima ukanitazama. Nilikuwa nimengojea swali hilo maisha yangu yote, na sasa lilikuja kutoka upande ambao sikuutazamia. Shabani alikuwa amenipora ukweli wangu mbele ya watu watatu, kisha akaenda kukaa nao nyumbani kwake, akautumia kulelea watoto.

"Ni kweli," nikasema. "Aliandika. Mimi ndiye niliyeipiga chapa, na sahihi aliitia mbele yangu."

Watu wakaguna kwa kuridhika, yule mwana akatabasamu akaanza kuketi. Ningeweza kuishia hapo. Nilimwangalia, nikaona ni mtu mzima mwenye mvi, si mtoto wa kufichwa.

"Halafu alipoulizwa na wachunguzi," nikasema, "alisema hakuiandika. Alisema nimeitunga mimi. Nilifukuzwa kazi, na mke wa yule mzee aliyegongwa alikufa akiamini kwamba mimi ni mwongo. Naomba mnisamehe kusema haya kwenye msiba. Lakini umeniuliza."

Mwana alibaki amesimama nusu, mkono kwenye kiti, kisha akainama akaanza kukusanya sahani, moja juu ya nyingine, taratibu sana. Shehe akasoma fatiha kabla ya wakati wake. Nilivaa viatu vyangu. Bi Rehema ndiye aliyeinuka kunisindikiza, na tulitembea hadi stendi, wanawake wawili wazee kwenye vumbi la Handeni. Basi la Korogwe lilikuwa limekwisha jaa nusu. Akanishika mkono kabla sijapanda.

"Miaka ya mwisho alikuwa akisema atasafiri aende kuonana na mtu Korogwe," akasema. "Nilidhani ni mambo ya biashara. Kama angekuja, dada, ungemsamehe?"

Nilifikiri kwa dhati. Alistahili jibu la kweli, na alikuwa amenipa pilau.

"Sijui," nikamwambia. "Ni safari ya asubuhi moja tu, dada yangu, na mabasi yapo kila siku. Hakuja."